Nikitafuta nakosa, nisipotafuta nakosa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwezi wa saba naamka kabla ya watu wote nyumbani na kukaa zazeni, yaani kule kukaa kimya kwa Zen, mapokeo ya Kibuddha, kwa dakika 20. Nilianza kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na kichwa changu mwenyewe, nilitaka utulivu. Lakini kila ninachosoma kinaniambia nisitake chochote. Sasa nisipotaka chochote, alfajiri yote hiyo naamkia nini? Wanasema maneno hayasaidii, na wakati huohuo wameandika vitabu visivyohesabika. Wanasema ukila, kula tu. Mimi nikila huwa namlisha mmoja, namjibu mwingine, na kazi zangu nazo zinanisubiri kichwani. Rafiki yangu ananiambia nisijisumbue, eti kwenye Zen hakuna jema wala baya. Kilichonisukuma kukuandikia ni hiki: wiki iliyopita mwanangu wa miaka minne aliamka nikiwa katikati ya kukaa, akaja kunivuta mkono. Nilimfokea vibaya mno. Nilimfokea kwa kuwa amenivurugia utulivu! Tangu siku hiyo naona aibu hata kuutazama ule mto ninaoukalia. Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale mtoto alipokuvuta mkono. Huko nitafika. Niruhusu nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu hayo mengine yote yamechipuka humo.

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Huko China, enzi ya utawala wa Tang, kijana mtawa ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Zhaozhou alimwuliza mwalimu wake Nanquan: Njia ni ipi? Nanquan akamjibu kwamba moyo wa kawaida ndiyo Njia. Kijana akauliza, basi niielekee? Mwalimu akasema: ukijaribu kuielekea, umeipa kisogo. Kijana hakutosheka. Akauliza kile unachoniuliza wewe: nisipojaribu, nitajuaje kwamba hiyo ndiyo Njia? Nanquan akamwambia kwamba Njia haimo katika kujua wala katika kutojua; kujua ni kujidanganya, na kutojua ni kupumbaa.

Tazama jinsi alivyoifunga milango yote miwili. Wasomaji wengi wa leo husikia ule mlango wa kwanza ukifungwa, wa "usitafute", wakaondoka wakidhani Zen ni kuyaacha mambo yajiendee. Kama ingekuwa hivyo, kijana yule angerudi zake kulala. Kisa hiki ni cha 19 kati ya visa 48 alivyovikusanya mtawa Wumen Huikai mwaka 1228, katika mkusanyo ambao Wajapani huuita Mumonkan. Kinamalizika kwa kusema kwamba Zhaozhou alizinduka palepale, yaani moyo wake ulifunguka akaiona Njia. Lakini Wumen, akikifafanua, ameongeza neno ninalolipenda kuliko kisa chenyewe: kwamba Zhaozhou, pamoja na kuzinduka huko, bado alihitaji miaka 30 mingine ya kulichimba jambo lilelile. Basi miezi saba isikutie unyonge.

Wewe ni mzazi, kwa hiyo mwili wako unalijua jambo hili hata kama kichwa bado kinabisha. Kumbuka usiku ambao mtoto mchanga amekataa kulala. Umembeba, unamtembeza, unamwimbia, lakini muda wote sikio lako liko kwenye pumzi yake: amelala? bado? Unataka alale ili nawe ukalale. Naye ni kama anaisikia ile haraka iliyomo mikononi mwako. Kila ukiinama kumlaza, macho hayo, makavu. Halafu inafika saa unachoka hata kutaka. Unakaa naye tu gizani. Unausikia uzito wake begani, joto la kichwa chake shingoni mwako. Baadaye unashtuka na kukuta amelala kitambo.

Usiku ule hukuacha kumbembeleza. Mikono iliendelea kumshika, pengine vizuri kuliko mwanzo. Kilichoondoka ni kungoja. Na ukijaribu kuufanya ugunduzi huo kuwa mbinu usiku unaofuata, ukajifanya umeacha kutaka ili alale upesi, mambo yanarudi palepale, maana chini ya kule kujifanya bado unangoja. Mimi nimekaa zazeni miaka mingi na sijapata mfano ulio karibu zaidi na kile wanachokiita kutafuta bila kutafuta. Tendo linabaki zima. Kungoja ndiko kunakoondoka, na hakuondoki kwa kufukuzwa. Kunaondoka kwa sababu tendo lenyewe limekujaza.

Kwa hiyo ukisoma "usitake chochote", usilipokee kama agizo la kutekeleza. Anayejitahidi kutotaka ameongeza hamu moja juu ya zile alizokuwa nazo. Unataka utulivu? Utake. Hiyo hamu ndiyo inayokutoa kitandani, na bila hiyo hakuna ambaye angekaa hata siku moja. Njoo nayo mpaka kwenye mto wako, kisha ujipe kazi ndogo kiasi kwamba hamu haina cha kuchangia: hesabu pumzi moja mpaka kumi, uanze tena moja. Macho yafumbe nusu, yaangalie sakafu bila kuitazama. Uti wa mgongo ujishike wenyewe. Ukijikuta uko kumi na saba, au uko kwenye kikao cha kazini, rudi kwenye moja bila kujisuta. Katikati ya hesabu hamu itapita na kuuliza, "tumetulia bado?" Hilo ni wazo kama lile la kikao. Lisikie, kisha endelea na tatu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zen inakufundisha kuinama mpaka usahau kwamba ulikuja kuchukua kitu.

Hapa wapo watakaokusimulia kisa cha kigae ili kukuonyesha kwamba kukaa hakuna maana. Mwalimu Huairang alimkuta Mazu, kijana mwenye bidii, anakaa siku nzima ili awe Buddha, yaani mtu aliyezinduka kabisa. Akachukua kigae, akaanza kukisugua mbele yake. Unafanya nini? Nakisugua kiwe kioo. Kigae kitakuwaje kioo kwa kusuguliwa? Na wewe, akasema Huairang, utakuwaje Buddha kwa kukaa? Kisha akamwuliza: mkokoteni ukigoma kwenda, unaupiga mkokoteni au unampiga ng'ombe? Wengi huishia kwenye kigae, wakauweka mto kabatini. Lakini mila ya Zen haikuacha kukaa baada ya Mazu, na Mazu mwenyewe alikuja kuwa mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa karne ya 8. Ninavyokielewa mimi, kisa hakimzuii mtu kukaa. Kinaigonga ile biashara ya kichwani: natoa dakika 20, nipewe utulivu wa dakika 20.

Aliyeufikisha mbali ufahamu huo ni Dogen, Mjapani aliyeishi kati ya mwaka 1200 na 1253. Akiwa mtawa kijana kwenye mlima Hiei, huko Japani, alisumbuliwa na swali ambalo ni pacha wa lako. Ikiwa kila kiumbe tayari kina asili ya Buddha, mbona Mabuddha wote walihangaika kufanya mazoezi? Hakupata jibu la kumridhisha nyumbani. Mwaka 1223 akavuka bahari kwenda China, akarudi mwaka 1227. Jibu alilorudi nalo ni kwamba mazoezi na mzinduko ni kitu kimoja. Hukai ili baadaye uzinduke. Kukaa kwenyewe, ukikaa kweli, ndiyo sura ya kuzinduka. Nakiri kwamba kwa miaka kadhaa niliyaona maneno hayo kama mchezo wa lugha. Yalianza kuniingia siku niliposimama kutoka kwenye mto nikagundua kwamba sikuwa nimejiuliza hata mara moja kama kikao kimekwenda vizuri.

Kuhusu maneno na wingi wa vitabu nitasema kidogo tu. Mila hii haijawahi kuyachukia maneno. Dogen mwenyewe aliandika maelfu ya mistari. Inachokataa ni mtu kushiba kwa kusoma orodha ya vyakula. Na hizi hadithi fupi, koani, zimekukwaza kwa sababu unazishika kama vitendawili. Kitendawili kina mwenye jibu: ukishindwa unampa mji, naye anakutegulia. Koani haipokei mji. Hakuin, mwalimu wa Kijapani wa karne ya 18, aliwauliza wanafunzi wake sauti ya mkono mmoja ni ipi, na hakuwa ameficha jibu popote. Alitaka mwanafunzi aliulize swali hilo mpaka yule anayeuliza naye aishiwe. Kama huna mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, nakushauri uziache koani kwanza. Pumzi zinakutosha.

Sasa twende jikoni, maana ndiko unakoishi.

"Ukila, kula" imeharibu watu wengi waliokuwa wanakula vizuri. Mtu anaisoma, kisha anakaa mezani akijitazama anavyokula: natafuna, namwona mtoto, nimepotea, narudi. Hapo hali, anajisimamia. Wamekuwa wawili, mlaji na nyapara wake, na nyapara huwa hashibi. Ndiyo maana unaona umeshindwa. Umejipimia kula kwa mtu mmoja aliyeko kimya peke yake, ilhali wewe maisha yako ni kulisha, kujibu na kuokota kijiko kilichoanguka. Basi kwako kula ndiko huko. Mtoto akiita ukiwa unaosha vyombo, kuosha kumekwisha. Sahani inawekwa chini, mikono inakaushwa, unageuka mzima mzima. Tunachoka hasa pale tunapogeuka nusu, mwili umeitika lakini moyo umebaki kwenye sinki ukilalamika kwamba kazi haijaisha. Kuacha jambo kikamilifu ni sehemu ya kulifanya kikamilifu, na kwa mtu mwenye watoto pengine ndiyo sehemu kubwa zaidi.

Zhaozhou, yule aliyekuwa kijana, alipokuwa mzee alijiwa na mtawa mgeni akiomba mafundisho. Umeshakula uji? akamwuliza. Nimeshakula. Basi nenda kaoshe bakuli lako. Kisa kimeishia hapo. Watu hulitafuta fumbo ndani ya lile bakuli, na mimi naona hakuna zaidi ya bakuli chafu na mtu aliyekuwa anaiacha kazi iliyo mbele yake ili akatafute kitu cha juu.

Na Dogen anasimulia jambo lililompata huko China, kwenye monasteri ya Tiantong. Mchana wa jua kali alimwona mpishi mkuu wa watawa, mzee wa miaka 68, mgongo umepinda kama upinde, hana kofia, anaegemea fimbo huku akianika uyoga. Dogen akamwonea huruma. Kwa nini usiwaachie wasaidizi? Mzee akajibu: wao si mimi. Lakini jua hili ni kali, kwa nini sasa hivi? Mzee akauliza: ningoje wakati gani mwingine? Dogen akanyamaza. Alikuwa amevuka bahari kutafuta mafundisho, na akayakuta kwa mtu anayeshughulikia chakula cha wengine. Mwaka 1237 aliandika maelekezo kwa wapishi wa monasteri, namna ya kuosha mchele na kutunza vyombo, kwa uzito uleule alioandikia kuhusu zazeni. Nakusimulia hili ili usije ukadhani kwamba zile dakika 20 ndizo mazoezi, na saa nyingine zote za siku yako ni vurugu zinazoyangoja.

Rafiki yako naye anahitaji jibu, kwa sababu anachosema kina hatari. Ni kweli Zen huzungumza juu ya kuvuka jema na baya. Lakini kisa cha pili katika ule mkusanyo wa Wumen kinamhusu mzee aliyekuwa akija kusikiliza mahubiri ya mwalimu Baizhang. Siku moja alibaki nyuma, akakiri kwamba yeye si binadamu. Zama za kale alikuwa mkuu wa watawa kwenye mlima huohuo, akaulizwa kama aliyezinduka bado yumo chini ya sheria ya sababu na matokeo. Akajibu: hayumo. Kwa neno hilo akazaliwa mbweha mara 500. Akamwomba Baizhang amtoe kwa neno lililo sahihi. Baizhang akasema: haipuuzi sheria ya sababu na matokeo. Mzee akafunguka. Neno lako kwa mtoto lilitua mahali. Hakuna kuzinduka kunakolifuta. Na historia imetuonyesha ubaya wa kulisahau hilo: katika vita za Japani za nusu ya kwanza ya karne ya 20, walimu wa Zen wenye majina makubwa walizibariki silaha na utii wa kijeshi kwa lugha hiyohiyo ya "kuvuka jema na baya", hata madhehebu ya Soto, tawi la Zen linalomfuata Dogen, yakaja kutoa tamko la toba katika miaka ya 1990. Mwambie rafiki yako kwamba usumbufu unaousikia juu ya mtoto wako ndicho kitu kizima kabisa katika barua yako.

Basi tuje kwa mtoto.

Mapokeo yanasimulia kwamba Bodhidharma, mtawa anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeileta Zen China, alipofika huko, mfalme Wu wa Liang alimhesabia mahekalu aliyojenga na watawa aliowatunza, kisha akauliza: nimechuma thawabu kiasi gani? Hakuna thawabu, akajibiwa. Mfalme alikuwa ameyageuza matendo yake kuwa akiba. Wewe nawe, bila kujua, uliugeuza utulivu kuwa akiba. Miezi saba umeiweka senti kwa senti gizani, na mtoto alipokushika mkono hukumwona mtoto. Ulimwona mwizi. Hasira ile haikuwa dalili kwamba mazoezi yameshindwa. Ilikuonyesha kile ulichokuwa umekikalia, na pengine hakuna kikao kingine ambacho kingekuonyesha waziwazi namna hiyo.

Inawezekana pia umeona kwamba hasira zako zimezidi tangu uanze. Mara nyingi hazijazidi. Zamani zilikupitia nawe una haraka, sasa upo zinapopita. Zikija ukiwa umekaa, zitafute mwilini: taya, tumbo, viganja. Usizifukuze, na usizipe hadithi ya kula. Lakini ukiona usingizi umekutoka, au hofu inapanda siku hadi siku, au mambo ya zamani yanakurudia kwa nguvu usizozimudu, simamisha kukaa na umwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Hakuin alipokuwa kijana alijikaza kwenye zazeni mpaka akaugua mwili na akili, na alipopona alitumia sehemu ya maisha yake kuwaonya wengine. Kujikaza hakumpi mtu sifa yoyote hapa.

Endelea, mwanangu, ila punguza. Kaa dakika 12 kwa mwezi mmoja. Kama kuna kundi la watu wanaokaa pamoja mahali unapoweza kufika, nenda hata mara moja kwa mwezi, maana kukaa na wengine hukuondolea ile hali ya kuulinda mto kama mali yako. Na leo, kabla ya kukaa tena, mwombe mtoto radhi. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, umwambie: nilikufokea, hukuwa na kosa. Usimweleze habari za utulivu. Usingoje akusamehe, huenda akakimbilia mchezo wake kabla hujamaliza kusema.

Atakuja tena alfajiri moja, watoto huja. Utamsikia kabla hajafika, miguu peku sakafuni. Kifua kitakaza, kiache kikaze. Utakuwa kwenye pumzi ya nne au ya tano, na hutamaliza mpaka kumi. Fungua miguu taratibu, kwa sababu itakuwa imekufa ganzi, geuka, umpokee. Akitaka kukaa mapajani, akae. Akitaka maji, mwende pamoja mkachukue maji, na mto uuache hapohapo ulipo.